Dua ya wazazi inanikwama kooni kila Septemba

mtoto_wa_gando
Assalaam alaykum. Nawauliza wenye elimu, na wasiokuwa nayo lakini yamewafika.

Babangu alikuwemo ndani ya meli ya Spice Islander, ile iliyotoka Unguja usiku wa Ijumaa, tarehe 9 Septemba 2011, kuja Wete huku Pemba, ikazama bahari ya Nungwi kabla ya alfajiri. Hakupatikana. Nilikuwa na miaka 14. Ami yangu alivuka mpaka Maisara walikolazwa maiti, akafunua shuka moja moja, akarudi mikono mitupu. Tukamsalia swala ya ghaibu, ile ya maiti asiyekuwepo, basi.

Kwetu hakuna nyumba isiyokuwa na mtu wake mle. Ikifika tarehe hiyo tunasoma hitma msikitini, halafu imamu anaomba na watu wazima wanalia. Mie naitikia Aamin pamoja nao mpaka afike "Rabbi rhamhumaa kamaa rabbayaanii saghiiraa". Mola warehemu kama walivyonilea udogoni. Hapo ulimi unakufa. Kunilea? Alimuacha mama nina miaka mitatu, akenda Unguja akaoa. Nilimuona Sikukuu mbili tu. Ya mwisho aliniletea kanzu, ikanifika magotini. Hakujua nimekua kiasi gani.

Yupo jirani aliyenusurika. Anasema kule gizani baba alimsukumia godoro alishike, na hakumuona tena. Kila mwaka ananishika mkono, machozi yanamtoka: "Babako alikuwa mtu kweli." Na mie nasema moyoni, weye kakusukumia godoro, mie hata daftari. Kisha naona haya, maana nimekaa ubavuni mwa watu waliopoteza watoto.

Hii Aamin yangu ni ya uongo?

pwani77
Maiti hasemwi. Mzazi ni mzazi. Futa uliyoandika, umuombe Mungu msamaha.

mama_limbani
We Pwani, muache mtoto aseme.

Mwanangu, mie mume wangu alikuwemo. Mkono wake ulikuwa mwepesi, kila mtu mtaani alijua. Walipokuja kunipa pole wakasema mume mwema kaondoka, nililia, na nililia kweli. Usiku ule ule nikalala usingizi ambao sikuupata tangu niolewe. Nimekaa eda mpaka ikesha, kaburi sijaliona, na hili la usingizi sijapata kumwambia mtu mpaka leo. Kwa hiyo mie sikuiti muongo.

mwalimu_wa_chuo
Wa alaykum salaam. Ile ni aya, Suratul Israa, ya 24, wala hatuipunguzi neno. Lakini watu wanaisoma wakaishia hapo. Soma ya 25 inayofuata: Mola wenu anayajua zaidi yaliyomo nafsini mwenu. Hayo ya kanzu na daftari anayajua kabla hujaandika.

Pili, si lazima uanzie hapo. Ipo dua ya maiti aliyoipokea Imamu Muslim kwenye hadithi zake: "Allahumma ghfir lahu warhamhu, wa'aafihi wa'fu 'anhu." Mghufirie, mrehemu, mpe afya, msamehe. Humo hamna neno la kulea. Na anayeombewa msamaha ni mwenye makosa, kwa hivyo hapo husemi uongo hata kidogo. Inaendelea: muoshe kwa maji na theluji na barafu. Babako hakuoshwa na mkono wa mtu, kwa hivyo usiiruke sehemu hii.

Ndugu Pwani, aliyezama anahesabiwa shahidi, hadithi ipo. Lakini ipo pia hadithi kwamba shahidi husamehewa kila kitu isipokuwa deni. Mie matunzo ya mtoto nayahesabu deni. Kusamehe ni hiari ya mwenye kudai, hatumtii kabari mbele za watu.

mtoto_wa_gando
Shukran mwalimu. Bi mkubwa wa Limbani, nimeyasoma maneno yako mara tatu.

Jana baada ya Isha niliisoma hiyo dua peke yangu. Kwenye "muoshe kwa maji" nilisita, maji si ndiyo yaliyomchukua. Nikaendelea. Deni sijasamehe, nasema kweli.

Ndugu zangu wa Unguja wamenipigia, wanataka mwaka huu hitma iwe moja, waje Gando. Wao wana picha yake, mie sina. Nimewaambia waje nayo.