Simu wameifunga nikiwa ukweni, na ushahidi kwamba nimelipa umo humo humo ndani!

Kaka Mkubwa

Wakuu, sijalala. Nimerudi Dar usiku huu na nina hasira za kutafuna kokoto.

Hawa jamaa siwataji. Mnawajua. Ndio wale wa mwavuli kila kituo cha daladala, spika inalia tangu alfajiri hadi mbwa wa mtaa wamekariri tangazo: njoo na namba ya NIDA na kianzio kidogo, ondoka na simu janja. Hakuna ukoo nchi hii usio na mtu anayelipa rejesho kwao kila siku.

Jana tumekwenda Korogwe kutoa mahari ya mdogo wangu. Mimi ndiye niliyekabidhiwa pesa, ziko kwenye laini. Rejesho la siku nililipa pale stendi ya Mbezi kabla basi halijatoka. Ujumbe wa muamala ukaingia, salio likapungua, nikaweka simu mfukoni kwa amani kama mtu asiyedaiwa na kiumbe yeyote chini ya mbingu.

Tumefika, tumekaa, mshenga kazungumza maua yake yote. Wazee wamekaza, wamelegeza, tumefika mahali pa ubinadamu. Baba wa binti anasema haya, tuone sasa. Natoa simu mbele ya watu wote. Skrini nyekundu! SIMU HII IMEFUNGWA. LIPA DENI LAKO UENDELEE KUITUMIA. Herufi za kusomeka kutoka Muheza!

Mjomba wa binti, mzee wa miwani mnene, akaninyang'anya simu mkononi. Akavua miwani, akaifuta kwa kanzu, akaivaa tena, akasoma kwa sauti, neno moja moja, mpaka wanawake waliokuwa jikoni wakaja mlangoni. Kisha akainua kichwa akasema: "Simu tu hawajamaliza kulipia. Binti yetu watamlisha nini?"

Jamani. Jamani! Mbele ya baba yangu mzazi.

Nikaazima simu ya mshenga nikapiga huduma kwa wateja. Muziki, muziki, muziki, wajukuu wamezaliwa wamekua, dada anapokea. Namwambia nimelipa asubuhi. Anasema, kaka, tutumie picha ya ule ujumbe wa muamala. Ujumbe uko wapi? Ndani ya simu mliyoifunga! Akanijibu kwa sauti tamu kabisa: "Basi fungua simu, kisha ututumie." Naapa kwa Mungu, hivyo hivyo.

Tukasema tuchomoe laini. Laini ni ile ndogo kabisa, kitochi cha mzee kina tundu la enzi ya mkoloni, adapta hakuna. Tukaipachika hivyo hivyo, ikazama ndani. Mamilioni ya mahari yamezama ndani ya kitochi! Tukaichokonoa kwa pini ya ushungi wa bibi harusi mtarajiwa huku mjomba amesimama juu yetu anauliza kama na hicho kitochi nacho kinadaiwa.

Saa tatu usiku simu ikafunguka yenyewe. Ujumbe: asante kwa malipo yako. Na saa walioandika ni ile ile ya asubuhi stendi. Kwa hiyo walikuwa nayo! Pesa wamekula saa kumi na mbili asubuhi, simu wameshika mateka hadi tumeshafedheheka.

Ninachouliza ni kimoja. Nani kawapa hawa rimoti ya maisha ya watu? Mwenye nyumba akikudai anakupa notisi. Benki ikikudai inaandika barua, analetwa dalali, kuna mahakama. Hawa hawana barua, hawana hakimu, kuna mashine tu sijui iko nchi gani inaamua kwamba leo wewe huna pesa, huna namba za ndugu, huna chochote. Na kosa likiwa lao, anayesomwa kwa sauti ni wewe.

"Simu tu hawajamaliza kulipia." Nikifunga macho namwona anafuta miwani.

---

Jini Kisirani

Umeandika gazeti zima, mke mmepata au hamjapata?

Kaka Mkubwa

Tumeambiwa wazee watakaa tena. Mjomba anataka kuona stakabadhi ya simu kwanza.

Jini Kisirani

Mjomba apewe uwaziri wa fedha.

Bi Mkunga

Pole baba. Mimi ilijifunga nikiwa leba nasubiri damu ya mgonjwa, ndugu zake wananipigia hawanipati. Nilikuwa nimelipa. Nilirudi kwenye kitochi siku hiyo hiyo na mtoto wa mtu asinishawishi tena.

Fundi Aggrey

Mkuu, wateja wa aina yako nawapokea kila siku Kariakoo. Nakueleza jinsi inavyofanya kazi ili usije ukatapeliwa na mafundi njaa. Simu hizi zinatoka stoo IMEI zake, yaani namba za utambulisho wa kila simu, zimeshaandikishwa. Ndani kuna programu iliyopewa cheo cha msimamizi wa kifaa, yaani kwenye simu hiyo wewe ni mpangaji na yenyewe ndiyo mwenye nyumba. Huwezi kuiondoa kwenye mipangilio. Ukifuta kila kitu uanze upya, simu ikiwaka na kukutana na intaneti inauliza seva, ile kompyuta kuu ya kampuni, seva inasema huyu wetu, inajifunga tena. Nyingi zinahesabu muda zenyewe hata ukizima bando.

Sasa pesa yako ikitoka kwenye laini inapita mfumo wa mtandao wa simu, inaingia mfumo wa kampuni, ndipo inatoka amri ya kufungua. Pakikwama popote njiani, pesa imekwenda na amri haijaja. Hilo ndilo lililokupata. Na ikifungwa inabaki namba ya dharura tu, 112.

Muuza Mkaa

Angepiga 112 aseme mjomba ananisoma.

Hesabu Haziongopi

Kianzio ulitoa ngapi na kwa siku ngapi?

Kaka Mkubwa

Kianzio elfu sitini. Kwa siku 1,500, mwaka mzima.

Hesabu Haziongopi

1,500 mara 365 ni 547,500. Jumlisha 60,000, unapata 607,500. Simu hiyo taslimu Kariakoo inauzwaje, Fundi?

Fundi Aggrey

Ukibembeleza, 350,000 na kava juu.

Hesabu Haziongopi

Unalipa simu mbili kasoro, umepewa moja, nayo inafungwa ukiwa ukweni. Hii ni kausha damu yenye kamera mbili.

Mkopeshaji Mstaarabu

Ngojeni niwaambie ukweli msioupenda. Mama lishe hana hati ya nyumba, hana mshahara, benki haimpi hata kalamu. Aliyekuja kumkopesha simu bila mdhamini ni huyu huyu mnayemtukana. Dhamana yake ni ipi? Ni uwezo wa kuifunga. Ondoeni kitufe hicho, kesho mwavuli unakunjwa na simu janja zinarudi kuwa za wenye mishahara. Mkataba alisaini mwenyewe.

Kaka Mkubwa

NILILIPA! Unasoma au unatazama picha? Nililipa saa kumi na mbili asubuhi! Huo mkataba unasema mteja aliyelipa asomwe kwa sauti na mjomba?

Mkopeshaji Mstaarabu

Mtandao ulikwama. Kampuni haina kosa.

Kaka Mkubwa

Ukikwama kwao, wanasubiri. Ukikwama kwangu, nafungwa. Mbona kukwama kunaelekea upande mmoja tu?

Bi Mkunga

Hapo umenena.

Wakili wa Vingunguti

Niweke sheria kidogo maana naona kelele tu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo, malalamiko yanapokelewa. Kama wanachukua namba za ndugu zako au mahali ulipo kuliko wanavyohitaji, pa kuanzia ni hapo. Mkumbuke pia Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Lakini zile zilikuwa za mikopo ya pesa, wale wa kumpigia shangazi yako na bosi wako kwamba unadaiwa. Kesi ya kumfungia simu mtu aliyekwisha kulipa ni nyingine, hiyo ni ya mkataba na madhara. Unazo nyaraka?

Kaka Mkubwa

Nyaraka zilikuwa ndani ya simu mwanasheria! Sasa imefunguka ninazo. Jana ndipo nilipozihitaji, mjomba akiwa amesimama.

Jini Kisirani

Mwite mjomba awe shahidi. Anasoma vizuri.

Mpwa wa Likoni

Huku Kenya tulipitia hayo. Sheria ya data tunayo tangu 2019, na Septemba 2023 Kamishna wa Data alipiga kampuni moja ya programu za mikopo faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia namba za watu zilizo kwenye simu za wateja. Lakini nyinyi mnalia simu, sisi pikipiki! Binamu yangu ana boda ya mkopo, imewekwa kifaa cha kufuatilia, wakisema zima inazima. Abiria yuko nyuma na mzigo wa samaki.

Muuza Mkaa

Samaki walifika?

Mpwa wa Likoni

Walifika wakinuka.

Ohio Kwetu

Ndugu zangu, msidhani haya ni ya maskini. Huku Marekani mkulima ananunua trekta la mamia ya maelfu ya dola, likiharibika hawezi kulitengeneza kikamilifu mwenyewe kwa sababu programu ya matengenezo wanashikilia John Deere na mawakala wao. Januari 2025 tume ya serikali inayosimamia ushindani wa biashara, pamoja na majimbo ya Illinois na Minnesota, wakaishtaki kampuni hiyo. Na Mei 2022 iliripotiwa kwamba matrekta yaliyoporwa Melitopol, Ukraine, yakapelekwa hadi Chechnya, yalizimwa kutoka mbali yakawa vyuma tu. Watu walishangilia kwa kuwa aliyezimiwa ni mwizi. Mimi niliogopa, maana kitufe ni kile kile, na siku nyingine wanakibonyeza kwa asiye mwizi. Amazon mwaka 2009 waliingia kwenye visomeo vya Kindle vya wateja wakafuta vitabu ambavyo watu walishanunua. Wakarudisha pesa, mkuu wao Jeff Bezos akaomba radhi. Lakini waliweza.

Muuza Mkaa

Mtu anadaiwa mke wewe unaleta trekta.

Ohio Kwetu

Ni jambo lile lile! Ukinunua kitu ambacho mwingine anaweza kukizima, hujanunua, umekodi.

Fundi Aggrey

Ohio kasema kweli. Hata simu uliyonunua taslimu siku hizi si yako yote. Apple Desemba 2017 walikiri kwamba walikuwa wakipunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka bila kuwaambia wenyewe. Mimi nilikuwa naletewa nibadilishe ubao mzima, kumbe betri tu.

Kaka Mkubwa

Wakuu turudi kwenye mada. Mimi sijazungumzia kasi. Mzee amefuta miwani, amesoma neno moja moja...

Bando Limeisha

Hivi mnalalamikia simu, vifurushi hamuvioni? Unanunua GB zako kwa pesa yako, saa sita usiku zinayeyuka. Nikinunua unga kilo mbili, muuza duka anakuja usiku kuchukua uliobaki?

Hesabu Haziongopi

Hao wa vifurushi ndio mababa wa wote. Mnakumbuka Aprili 2021? Bei zilipanda ghafla, watu wakapiga kelele nchi nzima, zikasitishwa. Hapo ndipo niliposhika kwamba kelele inafanya kazi.

Bando Limeisha

Zikarudi polepole kwa mlango wa uani, umesahau? Megabaiti zinapungua, jina la kifurushi linabadilika. Leo kinaitwa cha chuo, kesho cha kijanja, ndani maji matupu.

Mkopeshaji Mstaarabu

Nunueni vya mwezi muache kulia.

Bando Limeisha

Wewe unalipwa na nani hasa?

Bi Mkunga

Cha mwezi pesa ya mara moja anaipata nani? Ndiyo maana ya hii mikopo ya siku kwa siku. Maskini ananunua kila kitu kidogo kidogo na kila kidogo ni ghali.

Mpangaji Sugu

Mimi langu ni LUKU, umeme wa kulipia kabla. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa humo. Ilikuwa 1,000 kwa mwezi, tangu 2023 ni 1,500. Jengo si langu! Naingiza tokeni, inakatwa kodi ya nyumba ya mtu mwingine, nikimwambia mwenye nyumba anirudishie ananiuliza kama nimechoka kukaa kwake.

Wakili wa Vingunguti

Kisheria hiyo ni ya mmiliki. Ulipaswa kukubaliana naye muikate kwenye kodi ya pango.

Mpangaji Sugu

Kubaliana naye wewe, ana panga mlangoni.

Jini Kisirani

Wa kwangu mita moja tunachangia vyumba sita, nani amelipia jengo hajulikani hadi leo.

Kaka Mkubwa

Jamani, uzi wangu ulihusu simu. Jumamosi narudi Korogwe. Kama kuna mtu ana namba ya meneja wa hawa jamaa, si huduma kwa wateja, MENEJA, anitumie inboksi. Nataka aje naye akae pale, mjomba amsomee.

Mpangaji Sugu

Vyumba sita mita moja? Na kila mmoja ana friji?

Jini Kisirani

Mmoja ana friji mbili, anauza maji ya baridi. Tukimwambia achangie zaidi anasema umeme hauna jina.

Bando Limeisha

Huyo ndiye mnyonyaji wenu, achaneni na serikali. Mwekeeni mita ndogo ya ndani, mafundi wapo.

Fundi Aggrey

Mita ndogo zipo, lakini si mimi. Nenda mtaa wa Gerezani, uliza wa vifaa vya umeme.