Leso za wiki mbili Mji wa Kale, Mombasa: zifungwe wapi, na zikishuka ziende wapi?

Mkaazi wa Kibokoni:
Assalaam aleikum. Vijana wa mtaani kwetu pamoja na mama zao wamekusanya leso kuukuu zaidi ya mia moja, na wanakusudia kuzitandaza juu ya uchochoro wetu kwa wiki mbili mwezi wa Agosti, kutoka roshani hadi roshani, ili mpita njia ainue macho ayasome majina ya leso, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, akiwa kivulini. Baadhi ya wazee wanaona kwamba kugharamia kitu kitakachoondolewa baada ya siku 14 ni israfu. Mimi naipenda kazi hii kwa dhati, lakini nina hofu nyingine: maonyesho mengine yaliyofanyika karibu nasi yaliacha kamba za nailoni zikining'inia kwenye roshani, na moja imekwisha kula nguzo ya mbao iliyonakshiwa hadi nakshi yenyewe imekatika. Naomba ushauri.

Mwalimu wa Sanaa, Tononoka:
Waambie wazee watazame zile Pembe za Ndovu za Moi Avenue, ambazo zilisimamishwa miaka ya 1950 kuwa pambo la ziara za kifalme, na leo hakuna picha ya Mombasa inayokamilika bila hizo. Sisemi kwamba leso zibaki. Mwaka 2021 lango la Arc de Triomphe mjini Paris lilifunikwa kwa siku 16 tu, kwa kitambaa cha mita za mraba 25,000 na kamba za mita 3,000, kazi aliyoibuni msanii Christo pamoja na mkewe Jeanne-Claude na ambayo ilikamilishwa baada ya wote wawili kufariki. Gharama zake zililipwa kwa mauzo ya michoro ya Christo, si kwa fedha za umma. Watu huja kwa sababu wanajua kwamba kitaondoka.

Fundi wa Matanga:
Dada, hofu yako ndiyo ya kushughulikiwa kwanza. Nyumba zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na msumari wa chuma ukipigiliwa humo hushika kutu kwa chumvi ya bahari, kutu ikauvimbisha, plasta ikapasuka na maji ya mvua yakapata njia. Kwa hiyo asipigilie mtu hata msumari mmoja. Nguzo za roshani nazo msizifunge. Simamisheni boriti zenu wenyewe chini, kila moja ndani ya pipa lililojazwa mchanga, nyuzi zipite baina yake.

Jambo la pili ni upepo. Agosti ni msimu wa kusi, na leso zilizoshonwa pamoja ni tanga kamili, ila tanga lina nahodha wa kulilegeza. Msizishone. Kila leso ifungwe peke yake kwa upande wa juu tu, pindo la chini liachwe huru, upepo upite. Mkiweza, ngojeni maleleji, pepo za kusi zikishatulia. Tumieni kamba ya katani, ambayo ikizidiwa hukatika yenyewe kabla haijaiumiza boriti. Tena, Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, basi nendeni mkaombe idhini mapema kwa maandishi.

Mama wa Kuze:
Mimi nimeombwa leso mbili na nimezitoa, moja niliyowabebea wanangu. Mwanangu, andikeni daftari: leso ya nani, jina lake, na inakorudi. Iliyotoka kwa mwenyewe irudishwe imefuliwa na kukunjwa, na asiyeitaka aseme mapema, ikatwe mbeleko za wazazi wapya mtaani. Siku ya kushusha ipangiwe watu kama ilivyopangiwa siku ya kupandisha, kwa maana wa kupandisha huwa wengi.

Mkaazi wa Kibokoni:
Shukrani nyingi. Tumekubaliana kungoja maleleji, na mapipa manane tumekwisha kuyapata. Daftari lilianza jana jioni barazani. Leso ya kwanza kuandikwa ni ya mzee mmoja aliyekuwa akipinga, ni ya marehemu mkewe, na ameomba ifungwe mbele ya mlango wake.