Video ya kupamba: kwetu picha iko sawa, kwa nyanya watu wamekuwa wembamba

BintiKibokoni
Assalaam aleikum jamaa. Naomba ushauri kwa wanaojua mambo ya video. Dadangu ameolewa, na mimi nimepewa kazi ya kuwachomea wazee DVD. Msiniambie nipandishe YouTube. Ile ya siku ya kupamba wanawake wamo bila mitandio, haiendi mtandaoni wala WhatsApp.

Faili kubwa zimetoka kwenye kamera, 1920 kwa 1080. Nyingine shangazi alichukua kwa simu ameishika wima. Nikazigeuza kwa programu ya bure, DVD PAL (mfumo wa video wa TV za kwetu), 720 kwa 576, nikachoma. Hapa Kibokoni kwenye TV bapa bibi harusi yuko sawasawa. Nikavuka feri kuipeleka kwa nyanya Likoni, ambaye bado ana ile TV ya kichogo, bibi harusi amekuwa mwembamba kama mwiko! Na vipande vya shangazi ni kinyume: watu wamepanuka, kwenye TV zote mbili. Tatizo ni TV au ni DVD?

Pwani_Kwetu
Mnunulieni nyanya TV mpya, mambo yaishe 😂

BintiKibokoni
Mwambie wewe, mimi siwezi. Ile TV aliinunua marehemu babu.

FundiKanda
Wa aleikum salaam dada. Tatizo ni DVD. TV yenu bapa inakuficha tu.

720 ukigawanya kwa 576 unapata 1.25. Hiyo si 4:3 (upana 4 kwa kimo 3, umbo la TV za kichogo), wala si 16:9 (umbo la TV bapa). Maana yake pikseli za DVD, yaani vitone vinavyounda picha, si za mraba. Picha nyembamba na picha pana zote huhifadhiwa kwa pikseli zile zile 720 kwa 576, kisha ndani ya diski kuna alama inayoiambia deki: hii ivute iwe 4:3, au ivute iwe 16:9. Programu yako imebana picha pana ya kamera ikaingia yote, halafu ikaweka alama ya 4:3. TV ya nyanya ni 4:3, imeonyesha ilivyoambiwa, watu wakabanika. TV yenu imewekwa kuvuta kila kitu kijaze kioo, ikanyoosha kilichobanwa. Bahati tu.

Rudi kwenye faili za mwanzo, usiguse zile ulizokwisha kugeuza. Kama una ffmpeg, programu ya bure ya kugeuza video kwa kuandika amri:

ffmpeg -i kupamba.mp4 -target pal-dvd -aspect 16:9 kupamba.mpg

Kama hutaki kuandika amri, DVDStyler ni ya bure. Chagua PAL na 16:9 pale unapoanza mradi. HandBrake iache, haitengenezi DVD.

Halafu deki ya nyanya. Ingia kwenye setup, tafuta TV Type, weka 4:3 LB (letterbox, picha nzima bila kukatwa). Atapata mikanda myeusi juu na chini, lakini watu watakuwa na miili yao. Ikiwa kwenye 4:3 PS (pan and scan), deki inaweza kukata kando.

BintiKibokoni
Shukran sana kaka. Na za shangazi?

FundiKanda
Za wima hazifai kuvutwa, zinapachikwa katikati. Kimo chote 576. Upana, kwa pikseli za DVD ya 16:9, unatoka 228. Zilizobaki ni weusi, 246 kila upande. Kwenye amri ile ile ongeza kabla ya jina la mwisho:

-vf "scale=228:576,pad=720:576:246:0"

MamaStudio_Majengo
Fundi yuko sawa kwa hesabu, lakini mfikirieni nyanya. Picha ya wima ndani ya 16:9, halafu ndani ya TV ya 4:3, inazungukwa na weusi pande zote nne. Atamwona mjukuu wake mdogo kama picha ya kitambulisho. Mimi vipande vya wima ningevichomea diski yake pekee yenye alama ya 4:3. Hapo upana unakuwa 304 na weusi 208 kila upande, na picha inajaa kimo chote cha kioo.

Pwani_Kwetu
Kwani si mkate tu kando za video ya kamera, ijae TV ya nyanya?

MamaStudio_Majengo
Ukikata 16:9 iwe 4:3 unatupa robo ya upana. Siku ya kupamba, kando ndiko wanakokaa wakwe na mashangazi. Uko tayari kumweleza mama mkwe kwa nini anaonekana bega tu?

Pwani_Kwetu
Nimenyamaza.

BintiKibokoni
Nimejaribu kipande kifupi kwa DVD-RW (ile inayofutika), nikaweka 4:3 LB kwenye deki. Nyanya amemtambua kila mtu, hata aliyekuja na leso ya kuazima 😅 Sasa video nzima ni ya saa mbili na kitu. Itaingia diski moja?

FundiKanda
Kwa amri hiyo, hapana. Inatumia kama megabiti 6 kwa sekunde, na diski ya GB 4.7 inajaa kwenye saa moja na nusu hivi. Igawe diski mbili: ya kwanza kupamba, ya pili nikaha na mengineyo. Hata hivyo ni bora, ya nikaha utaigawa bila wasiwasi, na ya kupamba itabaki kwa wanawake.

MamaStudio_Majengo
Na ukichomea cyber, mwanangu, futa faili zako kabla hujainuka kitini, na pipa la taka la kompyuta ulimwage pia.