Tupeane uzoefu: mliokaribisha vyura na viumbe wengine kwenye vibustani vya uani

Mleta mada, Kimara
Wakuu salaam. Nyuma ya nyumba nina kieneo kidogo cha mchicha, matembele na mchaichai. Konokono wananimalizia mchicha. Jirani anasema piga sumu, lakini kuku wanachakura humo na watoto wanacheza humo humo. Nasikia wapo waliochimbia beseni la maji, vyura wakahamia na wadudu wakapungua. Mliofanya hivyo: mliwapataje, mbu je, na hili la nyoka lina ukweli?

Mkulima wa uani, Tegeta
Chura haletwi mkuu, anakuja mwenyewe masika. Mimi nilichimbia karai bovu usawa wa ardhi, kivulini mwa mgomba. Upande mmoja panga mawe mpaka juu, maana vyura wadogo wakishaota miguu wasipopata pa kukanyaga wanakufa maji. Maji ya mvua ndiyo mazuri. Ya bomba yaache kwenye ndoo wazi siku moja mbili, klorini ipungue. Na sumu achana nayo kabisa, ngozi ya chura inafyonza.

Ila usitarajie akumalizie konokono. Yule wa vipele anameza mende, viwavi, kumbikumbi na vikonokono vichanga. Yale makonokono makubwa toka na tochi usiku uyaokote.

Mama Mchicha, Mbagala
Kwenye mbu msimdanganye mwenzenu. Viluwiluwi wengi wa chura wanakula ukungu wa kijani, si watoto wa mbu. Mwaka 2019 dengue ilitutesa hapa Dar, na mbu wake anapenda vyombo vidogo vidogo vya uani kama hivyo. Mimi kila jioni napitisha chujio la chai juu ya maji, vile vibuu vinavyoning'inia kichwa chini nawamwagia kuku. Sahani ya ndege nabadilisha maji kila baada ya siku mbili, mbu hawahi kukomaa. Kama kazi hiyo huiwezi, fukia beseni.

Mpwani, Kilifi
Huku kwetu yuko chura wa mitini, wa kijivu, mchana anajibana kwenye gome humwoni. Mvua zikinyesha utakuta bonge jeupe limening'inia kwenye tawi juu ya maji, mfano wa povu la sabuni. Jirani yangu alitaka kulichoma moto akidhani ni mambo ya watu. Kumbe mayai! Nje panakauka, ndani panabaki majimaji, na baada ya siku kadhaa viluwiluwi vinadondoka vyenyewe majini. Watoto wangu walikaa chini ya lile tawi wakisubiri mpaka chakula kikapoa.

Nyoka: ndiyo, chura ni kitoweo chake. Lakini kinachomfanya akae ni kichaka na lundo la matofali. Weka maji mbali na mlango, nyasi za njiani ziwe fupi, usiku usitoke bila viatu na tochi.

Mfugaji, Arusha
Wenye mbwa mjihadhari. Wangu alimng'ata chura, akaanza kutoka povu mdomoni na kutikisa kichwa. Zile tezi zilizovimba nyuma ya macho ya chura zina sumu. Nilimsuuza mdomo kwa maji ya bomba, kichwa nimekiinamisha asiyameze, nikampigia daktari wa mifugo. Alipona. Siku hizi wakikutana, mbwa ndiye anayepisha.

Mtu wa Unguja
Kwetu adui ni kunguru. Waliletwa hapa miaka ya 1890 ili wale taka, sasa wanakula mayai ya ndege wadogo, makinda, hata vyura. Mie beseni nimelifunika nusu kwa makuti, na asumini nimeiacha ishonane ili ndege wadogo aina ya chozi wapate pa kujificha.

Niko Leicester
Huku Uingereza vyura wanataga Februari na Machi, baridi bado kali. Anayewashughulikia konokono ni kalunguyeye, kale kanyama kadogo ka miba. Watu wanatoboa uzio tundu la sentimita 13 kwa 13 apite bustani hadi bustani.

Sinza tu
Mbona hakuna aliyetaja kelele? Wakianza kuimba usiku wa mvua hulali. Beseni liweke upande wa dirisha la huyo jirani aliyekushauri sumu.