Msituite wakaidi: chanjo ya UVIKO ilitupita watu wa ziwani, halafu lawama tukabebeshwa sisi

Mwadila wakuu,

Hili jambo nimekaa nalo rohoni tangu juzi, leo nalitapika. Wasimamizi mkiona nimevuka mpaka nionyeni, ila uzi msifute.

Juzi kulikuwa na kikao cha afya kwenye kata yetu hapa Ilemela, Mwanza, vile vikao vya maji ya chupa na kusaini mahudhurio. Akasimama bwana mmoja na slaidi zake, anaeleza tulichojifunza kwenye UVIKO-19. Alipofika kwenye chanjo akasema, bila hata kumung'unya, kwamba jamii za wavuvi zilikuwa na mwitikio mdogo kwa sababu ya imani potofu na uelewa mdogo. Na waliojaa ukumbini ni wauza dagaa, wachuuzi wa sangara na mama lishe! Tukabaki tunatazamana.

Imani potofu. Haya.

Mimi nauza dagaa Mwaloni Kirumba, kwetu ni kisiwa cha Ukara. Nilichanja. Mama yangu alichanja baada ya kuzungushwa sana. Mjomba wangu ana nusu chanjo mpaka leo, na hakuna siku aliyokataa sindano. Kwa hiyo mtu akisimama mbele yangu akaniambia watu wa ziwani ni wakaidi, namuuliza: ulikuwa wapi?

Tuanze na hizo imani, maana ndizo wanazopenda kuzizungumzia. Sikatai, maneno yalikuwepo. Ukichanja balbu inawaka begani. Ukichanja unakufa ndani ya miaka miwili. Ukichanja nguvu za kiume kwaheri, na hili ndilo lililowatisha vijana wa kwenye mitumbwi kuliko hata kifo. Lakini hofu hiyo nani aliianzisha? Tarehe 27 Januari 2021, hapo Chato, ziwa hilihili letu, hayati Rais Magufuli alisimama akasema chanjo hizo hazifai, akaitaka Wizara ya Afya isizikimbilie. Wizara ikatii. Tukapewa nyungu, tangawizi na malimao. Takwimu zilishaacha kutolewa tangu Mei 2020, zikagandia wagonjwa 509 na vifo 21, na sisi huku tunazika na kuambiwa ni changamoto ya upumuaji.

Kisha tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia akachanjwa Ikulu, kamera zote zinamtazama. Dozi 1,058,400 za Janssen kutoka Marekani kupitia COVAX, ule mpango wa dunia wa kugawana chanjo, zilikuwa zimetua siku nne kabla. Kutoka Chato mpaka hiyo siku ya Ikulu ni miezi sita tu. Rais simlaumu, alitoa bega lake hadharani na lile lilisaidia. Ninaowasema ni wale wa kati. Waliotuhimiza kujifukiza Februari ndio waliokuja Agosti na spika juu ya gari wakihimiza sindano, na hakuna hata mmoja aliyesema "jamani, mwanzo tulisema vile, sasa wataalamu wamechunguza, tunasema hivi." Wangesema hivyo watu wangewaelewa. Walikuja kama vile hawajawahi kufungua mdomo. Huku redioni Gwajima askofu anapinga, Gwajima waziri wa afya anaagiza Gwajima askofu akamatwe, bibi yangu ananiuliza sasa nimsikilize Gwajima yupi. Mtu akisita katikati ya vurugu hiyo, mjinga ni yeye?

Ila hayo ya kusita ni nusu ya habari, tena nusu ndogo. Njooni kwa sisi tuliotaka.

Nilijiandikisha mtandaoni kama tulivyoelekezwa. Wakati huo ilishafunguliwa kwa kila mwenye miaka 18 na kuendelea. Nikapangiwa kituo cha hapahapa mjini, sikitaji jina. Nikawahi asubuhi. Benchi chini ya mwembe: mimi, mzee mmoja mstaafu na mkewe, na dada mmoja mwalimu. Muda unakwenda. Nesi anatoka, anatuhesabu kwa kidole, anarudi ndani. Anatoka tena, anahesabu, anarudi. Mzee uvumilivu ukamwisha.

"Mwanangu, dawa imeisha?"

"Ipo babu. Tunasubiri mtu mmoja."

Kumbe chupa moja ya Janssen ina dozi tano. Ukishaitoboa, hata ukiirudisha kwenye ubaridi una saa sita tu, baada ya hapo ni ya kumwaga. Na wao wameambiwa dawa isimwagwe ovyo. Kwa hiyo tuko wanne, wazima, mabega tayari, tunasubiri wa tano kama daladala ya Buhongwa inayosubiri kujaza.

Mlinzi akatumwa barabarani. Akarudi na kijana muuza miwa, toroli kaliacha getini, kisu cha kumenyea bado kiko mkononi. Nesi akamuuliza kama amekuja kuchanja. Dogo akasema yeye hajui, ameambiwa tu kuna kitu cha bure. Tulicheka mpaka yule bibi akashika ubavu. Lakini nesi yule nampa heshima yake: aliweka kalamu chini, akamkalisha, akamweleza chanjo ni nini, inafanya nini mwilini, atasikia homa kidogo usiku, na akitaka kukataa hakuna atakayemlaumu. Alimweleza yeye kuliko alivyotueleza sisi wenye namba za mtandaoni. Dogo akasaini fomu ya ridhaa. Tukachomwa wote watano, haikuchukua hata muda wa kunywa kikombe cha chai, na mwalimu akatununulia miwa.

Hapo ni mjini, kwenye barabara yenye wauza miwa. Sasa hiyo hesabu ya watano ipelekeni visiwani.

Mama yangu amevuka miaka 60 na ana presha. Yaani kwa tangazo lao wenyewe alikuwa kundi la kwanza: wahudumu wa afya, wenye miaka 50 kwenda juu, na wenye magonjwa ya kudumu. Kwao Ukara alikuwa haoni dalili ya chanjo. Akavuka kwa kivuko mpaka Bugolora, akapanda bodaboda hadi kituo alichoelekezwa. Alikuwa na jirani yake. Wawili. Akaambiwa, "Mama, rudini siku nyingine mkiwa wengi."

Mkiwa wengi! Mwanamke wa presha akakusanye abiria wa kuvuka naye ziwa ndipo apewe haki yake? Nauli ya kivuko, nauli ya pikipiki, kurudi vilevile, muhogo haujavunwa. Alirudi, na pale kivukoni aliulizwa na kila mtu, na wote aliwajibu ukweli: nimeenda, sijapewa. Unadhani wangapi waliahirisha safari jioni ile? Waliokoa dozi chache kwenye chupa moja wakapoteza kijiji. Halafu huyo bwana wa slaidi anaita mwitikio mdogo.

(Na msinijibu kwamba manesi walikuwa na roho mbaya. Nesi wa kituo cha pembezoni anafanya kazi za watu watatu, na agizo la kutomwaga dawa halikutoka kwake.)

Baadaye ukaja ule mpango ulioitwa Shirikishi na Harakishi, wa kuwafuata watu walipo badala ya kuwasubiri vituoni. Kwenye karatasi, mpango safi kabisa, na mama yangu hatimaye alichanjwa kwa njia hiyo, walipopita wenyewe kijijini. Hilo nawapa. Lakini njooni kwenye mwalo, pale mitumbwi inapotia nanga, mjionee ulivyotekelezwa.

Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mtumbwi unarudi alfajiri, mzigo unashushwa, unapimwa, unakwenda kwenye vichanja. Jua likipanda vijana wameshaingia kwenye vibanda, wamezima. Timu ya chanjo inafika saa nne asubuhi. Inafunga turubai jirani na ofisi ya BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, inafungulia muziki, inapiga picha. Saa nane inaangalia ziwa, inaona upepo unaanza kuchafua maji, inafungasha. Waliochanjwa ni akina mama waliokuwa wanageuza dagaa, wengine mikono bado ina magamba, na watoto wamesimama wanashangaa. Vijana wenyewe wanaamka jioni wanakuta alama za miguu ya turubai kwenye mchanga. Kisha ripoti inaandikwa: wanaume wachache.

Safari iliyofuata wakaja mbalamwezi. Mbalamwezi jamani! Mtu yeyote aliyewahi kula dagaa anayejua wanatoka wapi angewaambia. Mwezi ukiwa mpevu taa haivuti dagaa, kambi inabaki tupu, watu wamekwenda kusalimia familia Magu, Sengerema, Musoma. Walikuja na kile kisanduku cha barafu wakakuta mlinzi wa nyavu na mbwa. Kalenda hiyo iko juu angani, haiombewi bajeti, wala haihitaji kikao cha wadau hotelini. Ungemuuliza tu mwenyekiti wa BMU kwa simu.

Kuna na hili la dozi ya pili. Janssen ilikuwa chanjo ya mvuvi hasa: sindano moja, umemaliza, nenda zako. Kwenye kambi aliyokuwepo mjomba, huko Buchosa, walileta Sinopharm, ambayo ni sindano mbili na katikati ni wiki tatu mpaka nne. Sawa, hata hiyo ni chanjo, mjomba akatoa mkono. Wiki hizo hazijaisha dagaa wakahama na kambi ikahama nao, ikaenda upande wa Muleba, ambako ni mkoa mwingine. Akaenda na kadi yake kwenye zahanati ya kule. Akaambiwa arudi alikoanzia. Kurudi ni mafuta ya boti, na siku ya mvuvi asiyeingia majini hailipwi na mtu. Ndiyo ikaishia hapo. Nina uhakika kwenye slaidi za juzi mjomba wangu yumo, kwenye safu ya waliotelekeza dozi.

Ya uzinduzi wa chanjo nayasema haraka maana yananipandisha presha. Wazee wamepangwa juani tangu asubuhi, dawa ipo, nesi yupo, sindano haianzi kwa sababu mgeni rasmi hajafika. Amefika, anahutubia. Amemaliza kuhutubia, ngoma ya wagoyangi wa Kisukuma inacheza na nyoka wao. Tulikuwa tunakinga watu na ugonjwa wa kuambukizana kwa kuwabananisha chini ya hema moja.

Na cheti cha chanjo, Mungu wangu. Kwenye mfumo jina langu likakosewa herufi, halifanani na la kwenye pasipoti, na wakati huo mipakani wanataka karatasi. Nina mteja Kampala anasubiri mzigo. Kila nikienda kurekebisha naambiwa mtandao uko chini, au mwenye neno la siri yuko semina. Kupima nako kulikuwa kwa dola. Mzigo akapewa mtu mwingine.

Kwa hiyo ninachodai ni kidogo. Huyo bwana, au ofisi iliyomtuma, wafungue upya hizo takwimu zao za ukanda wa ziwa, waweke safu ya waliokuja wakarudishwa. Najua haipo, kwa sababu mtu akirudishwa hakuna daftari anapoandikwa. Mama yangu siku ile hakuandikwa popote. Wanaojua kuhesabu waliokataa wajifunze kuwahesabu na waliokosa, ndipo waje kutuhutubia kuhusu imani.

NYONGEZA: Kuna mkuu ameniambia huko chini nafukua makaburi, kwamba WHO ilishatangaza dharura imekwisha Mei 2023, nihangaike na maisha. Mkuu, Marburg, ugonjwa wa virusi unaofanana na Ebola, ilituingia Kagera Machi 2023, ikarudi Biharamulo Januari 2025. Bahati tu ilidhibitiwa, na hiyo haina hata chanjo iliyoidhinishwa. Biharamulo na Mwanza unajua mwenyewe mabasi yanavyopishana. Siku chanjo nyingine itakapohitajika, turubai litakuwa lilelile, na wa slaidi ndiye atakayeandika mpango. Nisipopiga kelele sasa hivi nipige lini?

Mwingine kauliza dozi zikimwagwa si ni hasara ya taifa. Ni hasara, ndiyo. Basi siku ya kisiwani leteni chupa ndogo zikiwepo, au pangeni siku moja ya wiki ijulikane mpaka kivukoni, watu waje pamoja kwa tangazo na si kwa kubahatisha. Hilo halikuhitaji mtaalamu kutoka Dodoma, kliniki ya watoto inafanya hivyo miaka yote na akina mama wanaijua siku yao.

Walioko Kome, Irugwa na Goziba, mtandao ukishika wekeni ya kwenu hapa chini: timu ilifika saa ngapi, ilileta chanjo gani, na mwezi ulikuwaje.