Kondoo mwitu wa Mojave: kola za GPS, kamera kwenye maji, au kinyesi?

Mtafiti_Moro
Wakuu, salaam. Nilisomea wanyamapori SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro), sasa niko Marekani mwaka wa kwanza wa PhD. Nafanya kondoo mwitu wa jangwani, wale wenye pembe kubwa zilizojikunja, kwenye milima mikavu ya Mojave kule California. Kila safu ya milima ina kundi lake dogo, na kati ya safu na safu kuna bonde tupu na mara nyingi barabara kuu. Nataka kujua kama bado wanavuka kutoka mlima mmoja kwenda mwingine, na kiangazi wanategemeaje maji. Msimamizi anataka nichague njia kuu moja: kola za GPS za kuwavisha shingoni, kamera za kutega, au vinasaba (DNA) kutoka kwenye kinyesi. Fedha inabana. Naomba mnisaidie kupima.

Nyikani
Hongera mkuu. Mimi nimetumia kola kwa nyumbu, kwa hiyo nitazisemea. Hakuna kitu kingine kitakachokuonyesha mnyama amefika kwenye uzio wa barabara saa kumi na moja alfajiri, akaufuata kwa kilomita mbili, akarudi alikotoka. Hiyo ni tabia, na kwenye tasnifu ina uzito mkubwa.

Ila uzito wa gharama nao upo. Kola moja ya satelaiti ni maelfu ya dola, bado helikopta na kikosi cha kufyatua wavu. Kondoo akikimbizwa joto la mwili linapanda, misuli inaharibika, anaweza kufa siku kadhaa baada ya kumwachia. Ndiyo maana ukamataji unafanywa msimu wa baridi. Mwishowe unapata wanyama wachache, na wanakondoo wao huwaoni kabisa kwenye data.

Bi_Vinasaba
Kaka, kwa swali lako la kwanza mimi nasema kinyesi, na sina wasiwasi nalo. Kazi iliyofumbua macho ya watu kwenye milima hiyohiyo ni ya Clinton Epps na wenzake, ilitoka 2005. Walichukua sampuli za makundi 27, nyingi zikiwa za kinyesi, wakakuta barabara kuu na mifereji ya maji imekata kabisa mtiririko wa vinasaba, yaani makundi hayazaliani tena, na yaliyofungiwa yamepoteza hadi asilimia 15 ya utofauti wake wa vinasaba kwa miaka 40 tu. Kola isingeweza kuwaambia hilo, kwa sababu kola inaonyesha mnyama aliyevuka, haionyeshi kama alizaa huko alikokwenda.

Tena unaweza kutenganisha mwendo wa majike na wa madume. Vinasaba vya mitokondria hurithiwa kwa mama, kwa hiyo vinakupa habari za majike peke yao. Madume ndio watembezi wakubwa, lakini mlima uliobaki mtupu hauwezi kupata kundi jipya mpaka jike afike.

Jangwa nalo linakusaidia kutunza sampuli. Kwenye kisiwa cha Tiburón, Mexico, kondoo 20 walipelekwa mwaka 1975 na watu wakaamini ni wageni pale. Utafiti wa 2014 ukatoa kinyesi pangoni chenye umri wa miaka kama 1,500, vinasaba vikasema ni cha kondoo wa aina hiyohiyo, kumbe waliwahi kuwepo. Sasa fikiria punje ya kinyesi ya wiki iliyopita!

Kazi yenyewe iko hivi: tafuta punje nyeusi zinazong'aa, zilizodondoka pamoja rundo moja. Seli za utumbo zimeganda kwenye ngozi ya nje ya punje, kwa hiyo maabara utakwangua ile ngozi tu, ndani ni majani. Weka kwenye bahasha ya karatasi. Plastiki inatunza unyevu na sampuli inaoza. Zilizopauka kwa jua ziache hapohapo.

Jicho_la_Kamera
Naunga mkono dada, ila kwa swali la pili la maji kamera haiepukiki. Kiangazi majike wenye watoto hawaendi mbali na maji, watakuja tu. Unahesabu wanakondoo kwa kila majike 100 na unajua mwaka umekuwaje. Tatizo ni kwamba mvua ikinyesha wanapata maji kwenye majani mabichi, wanaacha kuja, na kamera yako inapiga picha za ndege miezi mitatu. Usije ukasoma ukimya huo kama kondoo wamekufa.

Daktari_Mifugo
Hakuna aliyegusa ugonjwa. Mwaka 2013 nimonia ya kondoo hawa ililipuka kuzunguka mlima wa Old Dad Peak, ndani ya hifadhi ya Mojave. Bakteria anayehusika sana ni Mycoplasma ovipneumoniae, anayetoka kwa kondoo na mbuzi wa kufugwa. Wakubwa wakinusurika, wanakondoo wanaweza kuendelea kufa miaka kadhaa. Kumpima unahitaji ute wa puani, yaani lazima mnyama akamatwe. Na hili linabadilisha swali lako zima: njia ile inayopitisha vinasaba ndiyo inayopitisha ugonjwa. Idara ya wanyamapori ya California imekuwa ikivisha kola kondoo wa eneo hilo tangu mlipuko ule. Waombe data kabla ya kuomba helikopta.

Maskati_Juu
Assalaam alaykum. Huku Oman tuna waal wa Kiarabu, yuko kwenye milima ya Hajar tu, Oman na Emirati. Umbo la mbuzi, lakini vinasaba vinamweka karibu na kondoo mwitu wa Sahara. Milima ni mikavu vilevile na amesomwa kidogo mno. Ukimaliza Mojave, njoo huku.

Mtafiti_Moro
Shukrani sana wote. Naelekea kwenye kinyesi kama njia kuu, kamera chache kwenye maji, na data ya kola kutoka idarani. Swali kwa Bi_Vinasaba: madume na majike hawakai pamoja sehemu kubwa ya mwaka. Nikiokota kwenye maji tu, si nitapata majike watupu?

Bi_Vinasaba
Utapata majike wengi, ndiyo. Bleich na wenzake walilionyesha hilo 1997 kwenye jangwa hilohilo: jike mwenye mtoto anakaa kwenye majabali kumkwepa adui, dume anashuka kwenye malisho mazuri hata kama hatari ni kubwa. Kwa hiyo beba darubini, tafuta ile nyeupe ya makalioni juu ya mwamba, subiri wasogee kisha uende walipolala. Anza Juni, umalize mizunguko ya maji kabla ya mvua za radi za Julai na Agosti, maana zikishuka zinasafisha kila kitu. Na Agosti ikifika madume wameanza kuwafuata majike, hapo mtaonana nao maji yaleyale.