Yule jamaa wa laptopu kanishikia soksi ya mwanangu mbele za watu, leo sikai kimya

Baba_Tabo
Wakuu naandika mikono inatetemeka, mnisamehe nikikosea herufi. Jina simtaji maana wote mnamjua, yule jamaa anayeongezea magari nguvu kwa laptopu iliyopasuka kioo kona ya juu, anatembea na waya shingoni kama daktari wa wodini. Huyo huyo. Leo kanishikia soksi ya mwanangu. Kwa vidole viwili. Mbele za watu.

Ngoja nianze mwanzo. Nina gari la familia, lile refu la viti saba, dizeli lita 2.0 ina tabo, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini, kiwandani limetoka na farasi 150 na torki, yaani nguvu ya kuvuta, 340. Gari zuri tu, ila likishabeba watu saba na mabegi afu lione mlima linaanza kutafuta gia kama mtu anayetafuta funguo gizani. Jamaa akaniambia kaka hiyo injini wameifunga kiwandani, kuna nguvu imelala mle, mimi naenda kuiamsha kwenye kompyuta, utatoka hapa na farasi 190 na torki 400 na mafuta litakula kidogo kuliko sasa. Mimi nani nikatae? Akachomeka waya kwenye soketi ya chini ya usukani, akasema anatoa programu ya zamani anaweka ya kwake, dakika 20 nzima anachati na simu. Hakupima gari kabla, hakupima baada, hakulitoa hata nje ya geti. Ripoti niliyopewa ni dole gumba.

Siku tatu nikawa mfalme, sikatai. Nagusa pedeli kidogo gari linaruka, mama watoto anashika dashibodi. Siku ya nne tunapanda mlima familia nzima, mama mkwe kakaa katikati, naovateki lori la mchanga, niko usawa wa mlango wake namuona dereva mpaka masharubu, TAA HIYO. Cheki injini imewaka, nguvu zote zimekata, mshale wa mizunguko hauvuki 3000, ikabidi nirudi nyuma ya lori kama mtoto aliyefukuzwa kwenye foleni. Lori limejaa wakuu. Mchanga unanimwagikia kwenye kioo. Afu mama mkwe anauliza kwa upole kabisa, "baba, tushuke tusukume?"

Hilo nilishalimeza. Kilichonileta hapa ni leo. Nimeenda kwa adabu zangu zote, nikamwambia mtaalamu gari limekata nguvu mlimani. Hakutoa laptopu. Hakufungua boneti. Kalizunguka gari mara moja, kafungua mlango wa nyuma, kachungulia kiti cha mtoto, kaingiza mkono kwenye reli ya kiti, katoka na soksi. Ya bluu, ina kibata pembeni, kisigino kimetoboka. Kaininginiza kwa vidole viwili kama panya aliyekufa, akasema kwa sauti ili hata wa mtaa wa pili wasikie: "Kaka tatizo lako hili hapa. Hili gari la kulelea watoto, farasi zote hizo za nini?"

Watu wakacheka. Yule kijana wake wa kushika spana alicheka mpaka spana ikamdondoka. Mke wangu AKACHEKA.

Soksi wakuu. Mimi na ndevu zangu.

KiooChaPembeni
Soksi ya pili iko wapi?

Dizeli_Damu
Pole mkuu. Kodi gani ya hitilafu ilisoma kwenye mashine? Bila kodi hapa tutapiga ramli tu.

Baba_Tabo
P0299. Ila sijaja kuuliza kodi, nimekuja kueleza nilivyodhalilishwa.

Dizeli_Damu
P0299 maana yake tabo inatoa presha ndogo kuliko ile kompyuta iliyoiomba. Sasa sikiliza, programu ya kuongeza nguvu inaomba presha kubwa zaidi na dizeli zaidi, ndiyo kazi yake yote hiyo hakuna uchawi. Kama bomba la kwenda intakula, kile kipoza hewa ya tabo, lina ufa au klipu imelegea, zamani lilikuwa linavuja kidogo kompyuta inavumilia, leo likisukumwa linapumulia nje. Kompyuta ikiona imeomba hiki imepewa kile inakata nguvu kulinda injini. Pitisha mkono kwenye viungo vya bomba vyote, ukikuta pana mafuta mafuta na vumbi limeganda, mgonjwa wako huyo. Tabo yenyewe inaweza ikawa nzima kabisa.

Ila hayo mtu anayejua kazi anayaangalia KABLA ya kuflashi, yaani kuandika programu mpya. Anaendesha gari anarekodi presha iliyoombwa na iliyopatikana, anaona kama gari lina afya, ndipo anaongeza. Huwezi kumvalisha mgonjwa viatu vya kukimbilia.

Baba_Tabo
Kwa hiyo unamtetea.

Dizeli_Damu
Nimesema alikosea wewe.

Baba_Tabo
Umesema bomba langu ndo limekosea. Bomba halikumshika mtu soksi.

MamaWawili
Mimi namuelewa sana mkeo. Siku tatu anarushwa kama gunia kila taa ikiwa kijani, mama yake mzazi anajiuliza kama ashuke asukume, afu anaona mtu kashika soksi aliyoitafuta wiki nzima. Hata mimi ningecheka. Tena ningemshukuru huyo fundi.

Baba_Tabo
Dada yangu hukuwepo. Hukuona vidole vyake. Viwili tu. Kama soksi inanuka.

MamaWawili
Ilikuwa hainuki?

KiooChaPembeni
😂😂😂 nimemwaga maji kwenye kibodi

TorkiYaPunda
Afadhali yako kaka wewe una tabo. Mimi huyo huyo jamaa alinishawishi kwenye petroli lita 1.5 isiyo na tabo hata ya kuchora. Nikaambiwa gari litakuwa kombora. Baadaye nikaenda kwa watu wengine wenye dino, lile gari linazungusha magurudumu juu ya mapipa wanasoma nguvu, nimetoka na farasi 4 zaidi ya zile za kiwandani. NNE. Hata punda mmoja sijampata. Nilipomrudia akasema farasi zangu ni za ndani kwa ndani, zinahisiwa moyoni.

Dizeli_Damu
Injini isiyo na tabo inavuta hewa yake yenyewe, programu haiwezi kuiongezea hewa. Utachezea muda wa cheche na ukomo wa mizunguko, basi. Anayekuahidi asilimia 30 kwenye gari la hivyo ni mwizi. Kwenye dizeli ya tabo asilimia 20 mpaka 30 inawezekana kabisa bila kubadilisha chuma chochote.

NyundoTatu
Nyie wote mnalia na magari yanayotembea. Langu halikutembea tena. Alikuwa anaflashi huku taa kubwa zinawaka na redio inaimba, betri yangu ya zamani, chaja hakuweka. Katikati ya kuandika volti zikashuka, laptopu ikasema kosa, gari likafa. Ukiwasha swichi hata dashibodi haikujui. Kompyuta imegeuka tofali. Ikabidi ifunguliwe ing'olewe ipelekwe mezani kwa mtu mwingine aanze kuiandika upya kwa nyaya nyembamba kama nywele. Wiki tatu natembea kwa miguu. Na ile programu yangu ya kiwandani alipoulizwa akasema hakuhifadhi nakala kwa sababu "hatukutegemea kurudi nyuma".

TorkiYaPunda
Hatukutegemea kurudi nyuma 😭😭 huyu mtu ni mshairi

Baba_Tabo
Poleni ndugu zangu ila nyie alikutanieni mkiwa peke yenu. Mimi alinitania na ushahidi mkononi.

Mkaguzi_wa_Chai
Hii ni chai. Mtu anasema farasi 190, umeziona wapi? Karatasi ya dino iko wapi? Rekodi iko wapi? Unajuaje hata kama aliflashi? Kuna watu wanachomeka waya, wanakaa dakika 20, wanabonyeza kitufe cha Sport wanakurudishia funguo. Pedeli inakuwa nyepesi, ukigusa robo gari linapokea kama umekanyaga nusu, unaona limebadilika kumbe nguvu ni zile zile.

KiooChaPembeni
Naunga mkono. Kuna na kile kidude cha kuchomeka kwenye soketi chenye taa inayopepesa. Niliwahi kukifungua. Ndani kuna taa na kitu cha kuipepesesha. Mwisho.

Baba_Tabo
Mkaguzi acha dharau, mimi nimeendesha hilo gari miaka minne najua likibadilika.

Mkaguzi_wa_Chai
Nenda kaangalie kitufe.

Baba_Tabo
Siendi kuangalia kitufe usiku huu.

Dizeli_Damu
Mkuu nenda tu.

MamaWawili
Chukua na tochi, ukapekue na soksi ya pili.

Baba_Tabo
Nimerudi.

Kimebonyezwa.

KiooChaPembeni
😂😂😂😂😂😂😂😂

TorkiYaPunda
Jamani mimi siwezi, mimi na farasi zangu nne ni tajiri

Baba_Tabo
Labda mtoto kabonyeza. Mtoto huwa anakaa mbele tukiwa tumepaki. Na magari mengi ukizima inarudi kawaida.

Mkaguzi_wa_Chai
La kwako linarudi kawaida?

Baba_Tabo
La kwangu linakumbuka.

Dizeli_Damu
Basi kabla hujasema chochote kapeleke gari kwa mtu asome programu iliyomo ailinganishe na ya kiwandani. Kama haijaguswa, ile P0299 ni bomba lako lilikuwa linapasuka pole pole na umelimalizia kwa kukanyaga kama unakimbizwa. Kwa maana hiyo jamaa hajaharibu kitu. Ila hajatengeneza kitu pia.

Baba_Tabo
Kwa hiyo alinilipisha kwa kubonyeza kitufe afu akanishikia soksi.

NyundoTatu
Ndiyo. Na soksi alikutolea bure.

ProfesaWaEksozi
Ndugu, kompyuta ya injini si kitu cha kuchezea. Kumbukeni mwaka 2015 Volkswagen walinaswa Marekani kwa programu iliyokuwa inatambua gari likiwa kwenye kipimo cha moshi, likawa safi pale, likitoka barabarani linatoa oksidi za naitrojeni kupita kiasi kwa mbali. Magari kama milioni 11 duniani. Kwa hiyo programu inaweza kusema uongo hata kwa serikali sembuse kwa baba wa watoto.

TorkiYaPunda
Prof nani kakuuliza

ProfesaWaEksozi
Naelimisha.

GiaYaSita
Samahani kuingilia uzi, hivi gia boksi ya otomatiki si nayo ina kompyuta yake? Maana mimi yangu ilirimapiwa (iliwekewa programu ya kuongeza nguvu) injini tu, sasa nikikanyaga mlimani mizunguko inapanda gari haliendi, kama klachi inateleza. Naomba msaada.

Dizeli_Damu
Ina yake ndiyo, na ina kikomo cha torki. Ukiongeza injini bila kuigusa gia, aidha gia itaiambia injini ipunguze, hapo hela yako imelala, au klachi zitateleza kama zako. Kabla ya yote, oili ya gia boksi umebadilisha lini?

GiaYaSita
Niliambiwa ni ya maisha.

NyundoTatu
Ya maisha ya nani?

Mkaguzi_wa_Chai
Kitabu cha gari langu kimeandika haibadilishwi. Kiwanda hakiwezi kukosea.

Dizeli_Damu
ZF wenyewe, wanaotengeneza hizo gia boksi, wanasema ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Muuza gari anakuambia ya maisha kwa sababu maisha anayohesabu yeye yanaishia kwenye waranti.

Mkaguzi_wa_Chai
Mimi nimebadilisha kwenye gari la kaka yangu wiki moja baadaye gia ikafa. Ile oili chafu ndo ilikuwa inashikilia.

Dizeli_Damu
Ilikuwa imekufa tayari mkuu, ulienda kuiogesha maiti.

ProfesaWaEksozi
Kwa upande wa mnato wa oili, ndugu zangu,

TorkiYaPunda
PROF HAPANA

Baba_Tabo
Jamani turudi kwenye mada. Mtu kanishikia soksi.

GiaYaSita
Mkuu Soksi subiri kidogo. Dizeli, ukimwaga yote kwa mkupuo ni vibaya au nimwage nusu nusu? Na ile sampo, bakuli la oili la chini, ina filta ndani yake au ni tofauti?

Dizeli_Damu
Inategemea na gia boksi, nyingine filta imejengwa humo humo kwenye sampo unabadilisha vyote pamoja. Na muhimu zaidi joto, oili inapimwa injini ikiwa inaunguruma na gia boksi imefika joto lake, sio ya baridi. Fungua uzi mpya weka modeli na kilomita, nitakuja huko.

Mkaguzi_wa_Chai
Nakuja na mimi, hatujamalizana.

MamaWawili
Baba Tabo kabla hamjahama wote, ile soksi ya bata ni saizi gani? Wa kwangu ana mwaka na nusu na ninayo moja ya bluu haina mwenzake.